Swali Ambalo Sikumwuliza Kipa

Nilifundisha hisabati kwa miaka thelathini na minne, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na kanuni moja ambayo wanafunzi waliijua kabla hawajalijua jina langu. Mtu akinijia na habari ya mwenzake, nilimwuliza maswali mawili. Umeona kwa macho yako? Kama hukuona, aliyekuambia yuko wapi? Asiyekuwa na jibu nilimrudisha darasani. Sikuizua kanuni hiyo kwa kiburi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwadhibu mwanafunzi kwa neno la kiranja, kisha ikadhihirika kwamba kiranja naye alisimuliwa. Mwanafunzi yule hakurudi tena shuleni. Tangu hapo nilijiapiza kutomhukumu mtu kwa masikio.

Nayaeleza haya mwanzoni kwa sababu nitakayoyasimulia yasingemtokea mtu mwepesi wa kuamini. Yeye angekosa kwa njia yake. Mimi nilikosa kwa yangu.

Nilipostaafu nilihamia Kiembeni, na haukupita muda watu wa klabu moja ya mpira wa magongo huko Changamwe wakaniomba niwe mwenyekiti wa kamati yao ya usajili. Niliucheza mchezo huo ujanani, na wao walihitaji mtu asiye na mpwa kikosini. Wachezaji wenyewe walikuwa watu wa kazi: makarani, mafundi, madereva, wapanga mizigo wa maghala yaliyo kando ya barabara kuu. Uwanja wetu ulikuwa wa murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, ukinyunyizwa maji kila Jumamosi asubuhi ili vumbi litulie. Nami nilikuwa na kiti changu cha plastiki usawa wa mstari wa kati, na daftari ambalo humo niliandika kila bao, kila kona fupi, na alama za kila mchezaji.

Walinitania kwa daftari hilo, nami niliwaacha.

"Mwalimu, leo umenipa ngapi?" kiungo mmoja aliniuliza siku moja, jasho likimtiririka.

"Nne."

"Juu ya tano?"

"Juu ya kumi. Na moja katika hizo ni ya kuwahi kufika."

Mwaka ninaousimulia, tulikuwa tukiwania ubingwa wa ligi, jambo ambalo klabu yetu haikupata kulikaribia. Nusu ya msimu ilipokwisha tulikuwa nafasi ya pili, nyuma ya timu moja ya Nairobi, na dirisha la usajili likafunguliwa. Kanuni ya ligi ilituruhusu kuongeza mchezaji mmoja tu, na majina yalitakiwa yafike Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mchezaji mmoja. Timu isiyo na matumaini husajili yeyote anayepatikana, na haidhuriki. Inayowania kikombe hulazimika kujua kwa hakika ni wapi inapovuja, maana nafasi ikishatumika hairudi.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Jomvu Kuu, beki hodari wa zamani, mtu wa maneno machache na Kimvita kisichochanganyika na kitu. Wa tatu alikuwa kocha wetu, mwanamke wa makamo kutoka bara aliyekuja Mombasa kikazi akakaa. Tulikutana Jumanne alasiri katika stoo ya klabu, tukakaa juu ya mabunda ya pedi za kukinga miguu zilizonuka jasho la misimu kadhaa.

Mzee wa Jomvu alitaka kiungo. Viungo wetu, alisema, huchoka kipindi cha mwisho, na mtu aliyechoka hupiga mpira mbali ili apumzike.

Mimi nilitaka mpigaji wa kona fupi. Kwa wasioujua mchezo huu, kona fupi ni adhabu itolewayo walinzi wanapokosea karibu na lango lao: mpira husukumwa kutoka mstari wa mwisho, husimamishwa, kisha mtu mmoja huuvurumisha golini. Timu yenye mpigaji stadi huishi kwa kona hizo. Daftari langu lilionyesha kwamba tulizipata nyingi kuliko timu yoyote na tukaziharibu takriban zote. Palikuwa na kijana mmoja Kisumu, barua yake ya kuachiliwa iko tayari, ambaye nilikwenda kumtazama mwenyewe mara mbili. Sikutegemea sifa za watu.

Kocha alitaka kipa.

Nilidhani sikusikia vyema. Kipa wetu alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Kaloleni, mkazi wa Magogoni, dereva wa foklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja la Changamwe. Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Kwa hesabu yangu tulikuwa tumefungwa mabao machache kuliko timu zote za ligi. Nililifungua daftari nikamwonyesha.

"Nayaona, Mwalimu," alisema kocha. "Lakini kipa haoni upande wa kushoto."

"Nani amesema?"

Alinijua. "Mama wa mahamri pale geti la uwanja. Asema kipa ameligonga benchi lake mara mbili wiki hii, mchana kweupe. Na chai akipewa kwa mkono wa kushoto, huipapasa."

"Kwa hiyo tumwondoe mlinda lango wa timu inayowania ubingwa kwa ushahidi wa muuza mahamri."

"Sikusema hivyo. Hata mimi nimemwona akigeuza kichwa, kama kuku anayetazama punje."

"Umemwona akifungwa bao la kushoto?"

"Bado."

"Basi umeona kichwa. Hujaona jicho."

Mzee wa Jomvu alicheka puani. Kocha hakucheka. Alisema jambo jepesi: kesho mazoezini tumweke kipa katikati ya lango, tumrushie mipira kumi kutoka kushoto na kumi kutoka kulia, halafu tuhesabu. Au nimwite tu nimwulize, kwa kuwa ananiheshimu.

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Mtu mwenye kanuni kama yangu alipaswa kuurukia ushauri ule. Ulikuwa ushauri wa kihisabati. Haukunitaka niamini uvumi, ulinitaka niupime. Nami niliukataa, na hoja niliyoitoa nilidhani ni ya heshima. Nilisema kwamba ukimwita mtu mzima ukamwuliza juu ya kilema anachosingiziwa, umekwisha kuupa uvumi miguu. Kesho ghala zima litajua kwamba mwenyekiti amemwuliza fulani kama ni kipofu, na watu hawatakumbuka jibu, watalikumbuka swali.

Nilimgeukia mzee wa Jomvu. Yeye alizaliwa katika watu wanaosema kwamba aibu ya mtu haifunuliwi, na nilijua atasimama nami.

"Habari za mato ya mtu haziulizwi kikaoni," alisema taratibu, akijigusa kope. "Mwenyewe hazisemi, sisi tuzisemeni?"

Basi kura zikawa mbili kwa moja. Mzee wa Jomvu aliacha habari ya kiungo akaniunga mkono juu ya mpigaji wa kona. Kocha alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. "Sawa," alisema. "Lakini Mwalimu, kutouliza si kutetea."

Siku ile nilimwona mkaidi.

Alhamisi nilikwenda mazoezini. Nilifika mapema, kipa akaja kunisalimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Hakuondoka. Alikuwa amesimama akifungua na kufunga kishikizo cha pedi ya mguu, kazi isiyokuwa na haja. Kisha akaniuliza kama ni kweli tunaleta mchezaji mpya. Nilimwambia habari za kamati hutoka kwa kamati.

"Ni kweli," alisema. "Nilitaka tu kusema, kama mwaleta kipa, mimi sitakasirika."

Nayaandika maneno yale kama alivyoyatamka, kwa kuwa nimekuwa na muda mrefu wa kuyakumbuka. Hakuyasema kwa masihara. Aliyasema akiitazama pedi. Nami, mtu niliyeaminiwa kwa kuchunguza, niliyasikia maneno hayo nikayapima papo hapo kwa mizani mbovu. Nilifikiri uvumi umemfikia. Nilifikiri amevunjika moyo, anajaribu kunitoa neno, na kwamba wajibu wangu ni kumtia nguvu.

"Nani amekuambia tunaleta kipa?" nilimwuliza kwa ukali. "Wewe ndiye kipa wetu. Usisikilize maneno ya watu."

Alicheka kidogo. Alisema, "Haya, Mwalimu," akavaa kofia yake ya chuma, akaenda golini. Nilijisikia nimetenda jambo jema. Nilimfuata kwa macho mpaka alipofika, nikafungua daftari.

Ijumaa jina la kijana wa Kisumu lilipelekwa mapema mchana. Naye, kwa haki, hakutuangusha. Alifunga mechi ya kwanza, akafunga ya tatu na ya nne. Watu walinipa mkono barabarani. Kiungo mtani alisema sasa daftari langu litiwe fremu. Tulipanda, tukalingana pointi na timu ile ya Nairobi, na ratiba ikatupa mechi ya mwisho nao, kwao, juu ya zulia.

Zulia ni uwanja wa nyasi za bandia. Juu ya murramu mpira wa magongo huruka, hukwama, hupoteza kasi kabla ya kumfikia kipa. Juu ya zulia lililolowa maji huteleza kama umepakwa mafuta, na hufika pamoja na sauti ya gongo. Tofauti hiyo niliijua. Nilidhani ni tofauti kwa wachezaji wote sawasawa.

Bao la kwanza lilipita kushoto kwa kipa wetu, shuti la mbali, si kali. Hakusogea. Nilifikiri amezibwa na walinzi. Kijana wa Kisumu akasawazisha kwa kona fupi. La pili likapita palepale, na safari hii hapakuwa na mtu mbele yake. Nilimwona akigeuza kichwa, kama kocha alivyosema, kuutafuta mpira ambao ulikuwa umekwisha kugonga ubao wa nyuma ya lango. Kocha alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipokaa. Hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Tulisawazisha tena, kona fupi tena. Dakika za mwisho wapinzani, ambao nao wana macho, walipeleka kila mpira upande ule. Tukafungwa la tatu.

Ubingwa ulikwenda. Nimeyaishi masikitiko makubwa zaidi ya hayo, na kama mambo yangeishia hapo nisingekaa kuandika.

Tulirudi kwa treni ya asubuhi. Kipa alikaa peke yake dirishani, kofia ya jezi imemfunika. Mimi nilikaa na beki wa kushoto, binamu yake, kijana ambaye katika daftari langu alikuwa na alama tisa karibu kila wiki. Nilikuwa nimemwandikia hata maelezo: hukimbia kuliko wote, huzuia hata mipira isiyomhusu. Tulipopita Mtito Andei nilimwuliza ameona nini katika yale mabao.

Alinitazama kama anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuuinua.

"Mwalimu, jicho la kushoto haoni. Ni tangu mwanzo wa msimu. Tulikubaliana mimi na kiungo wa upande wangu tukae nyuma, tusiache kitu kipite huko. Murramuni tuliweza. Kwenye zulia hatukuwahi."

"Mlijua wangapi?"

"Sote."

"Na hapana hata mmoja aliyenijia akanambia."

"Ungetuuliza nani ametuambia," alisema. Hakuwa akinikejeli. Akaongeza, "Na tungesema ni yeye, tungekuwa tumemwuza."

Kwa hiyo daftari langu lilikuwa sahihi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mabao yalikuwa machache. Beki alikimbia kuliko wote. Niliyaandika yote mawili kwa mkono wangu, kwenye kurasa zinazotazamana, wala sikujiuliza hata siku moja kwa nini beki wa kushoto akimbie vile. Niliwaambia wanafunzi wangu miaka yote kwamba takwimu hazisemi uongo. Sikuwaambia kwamba hazijitolei kusema.

Wiki ile ile nilimpeleka kipa hospitali ya macho. Alikubali bila kubisha, kama mtu aliyengoja kuchukuliwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, alimkagua kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Akatueleza kwamba ni presha ya macho. Huanza kimya, bila maumivu, hula pembeni kwanza, na mwenyewe hugundua ikiwa imekwisha kula sehemu kubwa. Jicho la kulia lilikuwa limeguswa kidogo, na dawa ya matone ingelilinda kama hataiacha. La kushoto lilikuwa limefika mwisho.

"Hata kwa upasuaji?" niliuliza.

"Kilichokwisha kupotea hakirudi, mzee. Tunalinda kilichobaki tu." Alifungua faili akaandika. "Angeletwa miezi minne, mitano nyuma, tungekuwa tunazungumza mengine."

Nilijua kuhesabu miezi. Minne kamili ilikuwa imepita tangu Jumanne ile ya stoo.

Ghalani walimwondoa kwenye foklifti, na kwa kweli ilikuwa haki. Mtu asiyeona upande mmoja asiendeshe chuma kati ya watu. Mwenyewe alinambia baadaye kwamba wiki chache kabla ya mechi aliikwaruza nguzo, akaogopa, akaanza kushuka kila anapotaka kugeuka kushoto ili atazame kwa miguu. Walimpa kazi ya langoni, ya kukagua karatasi za malori. Anaisoma kila karatasi akiwa ameiinua kulia.

Nilikwenda kwake Magogoni mara kadhaa, na kila mara tulizungumza mengine: mvua, bei ya unga, watoto wake. Mara ya nne nilimkuta barazani, mkewe akachukua mtoto akaingia ndani, nikaona hii ndiyo nafasi. Nilimwambia kwamba niliambiwa habari ya jicho lake kabla dirisha la usajili halijafungwa. Nilimwambia kwamba kocha alishauri tumpime, nikakataa.

"Najua, Mwalimu."

"Nani amekuambia?" Lilinitoka kabla sijalizuia.

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu treni. "Huachi wewe."

Kisha akaanza kusimulia mwenyewe. Alisema kujisemea kulimshinda. Akisema mwenyewe, ghalani amejiachisha kazi kwa kinywa chake, na nyumbani mkewe atamwuliza kwa nini hakungoja. Alihitaji mtu wa juu yake aulize, ili kusema kuwe ni kujibu. Kwenda kwa daktari aliogopa. Kocha alimwona mgeni. Akanifikiria mimi.

"Nilikuja Alhamisi ile kwa sababu hiyo. Nilijua wewe ukiniuliza sitakudanganya. Sijapata kukudanganya hata darasani. Nikasema nitamtupia neno, aliokote."

"Nikakukemea."

"Ulinisifu, Mwalimu. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ulisema mimi ndiye kipa wenu. Nikaona una hakika na mimi. Nikikwambia, nitakuwa nimekuvunjia."

Sikumwomba radhi kwa maneno mazuri. Ninayo, lakini kila nilipoyapanga yalisikika kama hotuba ya kufunga shule. Nilisema tu kwamba nilikosa. Yeye akasema, "Ya Mungu," kwa ile sauti ambayo watu huitumia kumpumzisha mgeni, na nikatambua kwamba hata katika msiba wake mwenyewe ananihurumia.

Tulikaa. Lori moja la maji lilipita, likajaza vumbi barazani. Kulikuwa na swali ambalo bado nilikuwa sijaliuliza. Hospitalini aliliuliza daktari, kwenye treni alilijibu binamu, mama wa mahamri alilijua kabla yetu sote. Mimi, niliyemfundisha, sikupata kulitamka mbele yake.

"Jicho hilo," nilisema, "laona nini?"

Aliligeuza lile jicho kwangu akafumba la kulia kwa kiganja. Alingoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja ubaoni kabla ya kuandika jibu.

"Naona kweupe pale mlangoni. Wewe sikuoni." Akanyosha shingo. "Sogea kidogo kwenye mwanga."

Nilisimama, nikakisogeza kiti, nikakaa tena.

"Hapana," akasema.